Gari likimisi, msikimbilie kubadilisha plagi zote

Mhariri,

Wenye Vitz, IST na Probox za injini ya 1NZ wanaingizwa gharama bure. Gari likimisi, yaani silinda ikishindwa kuchoma mafuta, likatetemeka likiwa limesimama injini ikiwaka na kukosa nguvu mlimani, fundi anabadilisha plagi zote nne, kisha koili zote (zinazozipa plagi umeme), kisha anaanza kugusa nozeli (zinazonyunyiza petroli). Tatizo mara nyingi liko kwenye silinda moja tu.

Pima kwanza kwa mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Kodi P0302 maana yake silinda ya pili inamisi. Ya kwanza ni ile ya upande wa mkanda. Zima injini, fungua bolti ya koili kwa spana namba 10, hamishia koili hiyo silinda ya tatu, ya tatu ilete ya pili. Futa kodi, endesha, pima tena. Ikisoma P0303, koili ndiyo mbovu: nunua moja. Ikibaki P0302, hamisha plagi vivyo hivyo, kisha nozeli, kisha pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda).

Ukichomoa koili, tazama mpira wake. Ukitoka umelowa oili, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) inavuja hadi kwenye tundu la plagi. Koili mpya nayo itakufa usipobadilisha gasketi na mipira ya matundu hayo. Mstari mweusi mwembamba kwenye kauri ya plagi ni njia ambayo moto unatorokea. Hiyo tupa.

Na taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, simamisheni gari jamani. Petroli isiyoungua inaunguza masega ya ekzosi (kisafisha moshi), ambayo bei yake inazidi koili mara nyingi.

Fundi wa magari