CPS haihesabu siku za mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Mgonjwa wa saratani ya tumbo akitoka Tanga kwenda kupimwa Dar es Salaam, huenda akarudi na jibu lililoandikwa "PD-L1: CPS 12". Nyumbani namba hiyo husomwa kama makadirio ya maisha yaliyobaki. Sivyo ilivyo.

PD-L1 ni protini iliyo juu ya seli. Ikishikana na PD-1, kipokezi kilicho juu ya seli T, askari huyo wa kinga huzimwa na saratani ikapenya. Kupata CPS, yaani alama ya jumla ya PD-L1 (combined positive score), huhesabiwa seli za saratani na seli za kinga ziitwazo limfosaiti na makrofeji, zilizoshika rangi ya PD-L1, zikagawanywa kwa idadi ya seli zote hai za saratani, kisha mara 100. Ikivuka 100 huandikwa 100. Basi hata ikifanana na asilimia, si asilimia.

Kuhusu kutabiri uhai, tafiti zinapingana, na haishangazi. PD-L1 huweza kupanda kwa sababu seli za kinga zimeuvamia uvimbe na kumwaga interferoni gama, kemikali ya kuamsha kinga, jambo la kheri, kama inavyoonekana mara nyingi kwenye uvimbe wenye virusi vya Epstein-Barr. Huweza pia kupanda kwa kuwa saratani imeiwasha yenyewe. CPS haitenganishi hayo mawili. Inachofaa zaidi ni kuchagua dawa: katika utafiti wa CheckMate 649 uliochapishwa 2021, nivolumabu, dawa inayoizuia PD-1 isizime seli T, pamoja na kemotherapia ilirefusha maisha ya wagonjwa, hasa wenye CPS ya 5 na kuendelea. Kwa anayeweza kuipata dawa hiyo, na bei yake ni mtihani, CPS kubwa ni afadhali kuliko ndogo.

Namba yenyewe huharibikia mapema, kwenye chumba cha endoskopia, tumbo linapochunguzwa kwa mrija wenye kamera. Vichukuliwe vinyama 6 hadi 8, ukingoni mwa kidonda, maana katikati mara nyingi pamekwisha kufa; seli hai za saratani zikiwa chini ya 100, CPS haisomeki. Viingie papo hapo kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo mara 10 ya nyama, vikae saa 6 hadi 72. Kuviacha kwenye maji ya chumvi hadi formalini ipatikane, kwa joto letu la pwani, ni kuviozesha. Rufaa ikienda, ipelekwe bloku ya nta iliyohifadhi kinyama badala ya slaidi, vioo vyenye vipande vyembamba vya nyama, zilizokaa miezi kabatini, kwani hizo hufifia na kutoa CPS ya chini isiyo ya kweli.

Na jibu lisilotaja kloni, yaani aina, ya kingamwili iliyotumika kupaka rangi PD-L1, iwe 22C3, 28-8 au nyingine, daktari aulize kwanza kabla ya kulilinganisha na jibu la maabara nyingine.

Wasomaji wenu,
Maabara ya patholojia, Tanga