Barua ya wazi kwa mafundi vijana wa malori Tanga: pimeni kwanza, spea baadaye

Wanangu wa gereji za Tanga, kuanzia Chumbageni mpaka Pongwe,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Ninalowaandikia ni moja: acheni kubadilisha spea kwa kubahatisha. Lori halivuti, inafungwa tabo mpya (ile inayosukuma hewa ndani ya injini). Bado halivuti, zinashushwa injekta zote sita, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye injini. Mwenye gari ameingia mfukoni mara mbili, kumbe ugonjwa ni klipu ya hosi.

Kabla hujashika spana, mhoji dereva. Lilianza lini? Likiwa na mzigo au hata tupu? Asubuhi au likishapata moto? Na kubwa zaidi: nani alifungua nini mara ya mwisho? Ugonjwa mpya mara nyingi uko pale pale mkono wa fundi ulipopita.

Chukueni lori linalokimbia vizuri likiwa tupu, lakini likipakia saruji Pongwe na kushika njia ya Muheza, mlimani linakufa nguvu. Tazameni ekzosi. Likitoa moshi mweusi, dizeli ipo ila hewa haitoshi. Likikosa nguvu na moshi hakuna, anzeni tangini.

Legezeni kifuniko cha tanki. Kikivuta pumzi kwa sauti, tundu la kupumulia limeziba, na vumbi la saruji linalipenda sana tundu hilo. Kikiwa kimya, endeleeni na bomba. Upande wa kuvuta, kutoka tangini hadi fidi pampu (pampu ndogo inayovuta dizeli tangini), ni mdanganyifu: palipotoboka hapadondoshi dizeli, panaingiza hewa. Utapapasa bomba zima na mkono utoke mkavu. Fungeni hosi ya plastiki inayoonesha ndani pale dizeli inapoingia fidi pampu, washeni injini, mchungulie. Mapovu ya mwanzo mmeyaingiza wenyewe mlipofungua. Yakiendelea baada ya dakika tano, kuna mahali hewa inapenya: oringi (mpira wa duara) ya chujio linalotenga maji na dizeli, washa ya shaba iliyotumika mara ya pili, au bomba lililosuguana na chasisi.

Mkitaka uhakika, chovyeni hosi hiyo kwenye dumu safi la lita 20 lenye dizeli nzuri, bomba la tanki mkilikwepa kabisa. Bomba la kurudisha dizeli liacheni liende tangini, ila chungeni dumu lisikauke. Injini ikipona, pampu kubwa ya presha na injekta msiziguse. Kosa liko kati ya tanki na fidi pampu. Kipimo hiki ni bei ya hosi tu, ndiyo maana nashangaa kwa nini hakipendwi.

Filta mpya ya dizeli msiijaze kwa kopo, hasa kwenye injini za komoni reli, zile zenye bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote. Mnachomimina katikati kinaingia upande uliokwisha chujwa, na uchafu wake unakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Fungeni filta kavu, kisha mpige pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Maji ya kwenye chujio yamwagwe asubuhi kabla ya kuwasha, na madereva waambieni wajaze tanki jioni. Tanki nusu likilala kwenye unyevu wa pwani, linatengeneza maji lenyewe.

Kwa moshi mweusi, filta ya hewa kwanza. Kisha zibeni mdomo wa tabo kwa kizibo chenye vali, ingizeni hewa isiyozidi bar 2 kwa rejuleta (kidhibiti presha), mkipaka maji ya sabuni kwenye hosi na kona za intakula, kile kipoza hewa ya tabo. Msisimame mbele ya kizibo. Mtasikia hewa ikipita ndani ya injini. Hiyo isiwatie hofu, kuna vali zilizo wazi. Tabo ihukumiwe mwisho. Shafti kucheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, mapanga kugusa nyumba yake si kawaida.

Sasa kompyuta ya kupimia makosa ya injini. Namba ya SPN inataja sehemu, FMI inataja namna inavyoumwa. SPN 94 ni presha ya dizeli inayokwenda kwenye pampu. Ikija na FMI 18, presha ndiyo iliyo chini, rudini kwenye bomba na filta. Ikija na 3 au 4, umeme wa sensa umepanda au umeshuka kupita kiasi, kwa hiyo shikeni mita na waya kabla ya kununua sensa. Makosa mengi yakiibuka kwa pamoja, pimeni zile volti 5 zinazolisha sensa. Zikiwa zimeshuka, chomoeni sensa moja moja mpaka zirudi. Aliyekuwa anazivuta chini mmempata.

Huku kwetu chumvi ya bahari inakula soketi na ethi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye injini na chasisi. Lori likipiga stata kwa uvivu, msikimbilie betri. Ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi imeoza: fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi. Betri mbili zilizojaa husoma kama volti 25.2 zikiwa zimetulia. Zikishuka chini ya 19 stata ikizunguka, ndipo mzishuku, au stata yenyewe.

Rejeta ikitoa mapovu, msifungue silinda hedi siku hiyo. Kompresa ya hewa ya breki nayo hupozwa kwa maji, na gasketi yake ikipasuka hewa inapita humo. Kwepesheni maji yake, yaani hosi zake za maji ziunganishwe bila kupitia kompresa, kisha washeni injini dakika chache tu. Mapovu yakikata, mwenye gari ameokoka gharama kubwa.

La mwisho ni mikono yenu. Bomba la komoni reli lisilegezwe injini ikiunguruma. Humo presha hupita bar 1,500. Palipovuja patafutwe kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kidole. Dizeli ikimtoboa mtu, kidonda huonekana kama kachomwa sindano na maumivu huweza kuchelewa, huku nyama ya ndani inaharibika. Apelekwe hospitali ya Bombo saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe wazi kuwa ni dizeli ya presha.

Mzee wenu,
Tanga