Asiyechanjwa si lazima awe amekataa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe la moyoni. Nimewasoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile habari yenu ya wagonjwa wanaokosa kupandikizwa viungo kwa sababu hawajachanjwa imenikera mno, siwezi kunyamaza. Mwandishi wenu aliwahoji watu wa aina mbili tu: wanaosema mwili ni wa mtu, asilazimishwe sindano, na wanaosema anayekataa chanjo awapishe wenzake. Kuna kundi la tatu, nami naishi nalo nyumba moja. Ni wagonjwa ambao hawakukataa chochote, ila hakuna aliyewachanja.

Kuhusu chanjo yenyewe sibishani na madaktari. Anayepandikizwa figo, ini au moyo hunywa dawa za kushusha kinga maisha yake yote ili mwili usikikatae kiungo kigeni, na kinga ikishuka, mafua au nimonia huweza kumwondoa yeye pamoja na kiungo alichopewa. Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama za surua na tetekuwanga, kwa kawaida hazitolewi tena baada ya upasuaji. Zinatakiwa zitangulie kwa wiki 4 au zaidi. Hizo nyingine hutolewa, lakini mwili huziitikia kwa unyonge. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliwapima watu 658 waliokwisha kupandikizwa viungo, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2021 asilimia 46 hawakuonyesha kingamwili yoyote baada ya dozi 2 za chanjo ya UVIKO-19. Mahakama ya Rufani ya Alberta, Kanada, nayo ilikataa Novemba 2022 kuingilia uamuzi wa madaktari waliotaka mgonjwa achanjwe UVIKO-19 kwanza. Haya, tumekubaliana kwamba wakati wa kuchanja ni kabla ya upasuaji. Sasa niambieni, ni kazi ya nani kuuwahi huo wakati?

Mdogo wangu figo zake zote mbili zimekufa. Anasafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, saa 4 kila anapolala pale, katika hospitali ambayo kliniki yake ya upandikizaji iko ghorofa ya juu na friji la chanjo liko ghorofa ya chini. Jina lake liliandikwa kwenye orodha ya kusubiri, akaambiwa atapigiwa simu. Tukawa watu wa kulala na simu mkononi. Haikupigwa. Tulipopanda kuuliza, karani alifungua faili na kutujibu bila kuinua macho kwamba jina lilisimamishwa zamani, chanjo hazijakamilika. Chanjo gani? Ya homa ya ini aina ya B. Aliambiwa na nani? Karani akapekua kurasa mbele nyuma, hakuona barua wala kumbukumbu ya simu. Muuguzi mmoja aliyetuonea huruma ndiye aliyetufafanulia: mgonjwa wa mashine hupewa dozi kubwa kuliko mtu mwingine, ratiba yake huchukua miezi 6, kisha damu hupimwa kuona kama kinga imepatikana, kwa kuwa mwenye figo zilizokufa mara nyingi haipati kwa urahisi. Miezi 6, Mhariri! Miezi ambayo ingekuwa imekwisha siku nyingi kama mmoja tu kati ya wote waliomchoma sindano za mashine angemchoma na hiyo. Mkono wake ulikuwa pale pale, umenyooshwa kitandani, hauna pa kwenda. Halafu tukaingia kwa daktari, akamuuliza mbele yangu kwa nini alikataa chanjo. Mdogo wangu si mtu wa kulia mbele za watu. Siku ile alilia, na mimi nilikosa la kumwambia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Seattle, Marekani, mashine za kusafisha damu zilikuwa chache, ikaundwa kamati ya raia 7 kuchagua wa kuokolewa. Walipima kipato cha mgonjwa, ndoa yake, idadi ya watoto, hata kama huenda kanisani. Habari zilipotoka, watu walishtuka. Nami nashtuka leo nikiona faili la mgonjwa likisomwa kama cheti cha tabia: hana sindano, basi ni mkaidi, basi figo hataitunza. Nani alimuuliza?

Na kama kinga ni jambo kubwa kiasi hicho, mbona mzigo wote umewekwa kwa mgonjwa? Watu wenye miili isiyoitikia chanjo vizuri huwategemea walio karibu nao. Katika chumba kile cha mashine nimewaona wahudumu wakikohoa juu ya wagonjwa bila barakoa, na ndugu wakiingia na mafua yao hadi kitandani. Sijawahi kusikia mhudumu akiulizwa kadi yake ya chanjo ya mafua kabla ya kushika zamu. Mgonjwa huulizwa, tena kwa ukali.

Nataka hivi. Siku mgonjwa anapolazwa kwenye mashine kwa mara ya kwanza, apewe hapo hapo kitandani dozi ya kwanza ya homa ya ini B, bila malipo, na ukurasa wa kwanza wa faili uwe na jedwali la chanjo zake zote lenye saini ya muuguzi. Asipochanjwa, sababu iandikwe: amekataa, hakuelezwa, dawa iliisha, au mwili hauruhusu. Jina lisisimamishwe mpaka mgonjwa apewe mkononi barua yenye jina la daktari, chanjo inayokosekana, chumba cha kuipata na tarehe. Na kama uzembe ni wa hospitali, asipoteze nafasi yake. Inawezekana: Marekani, tangu Desemba 2014, muda wa anayesubiri figo huhesabiwa kuanzia siku alipoanza kusafishwa damu, hata kama jina liliandikishwa baadaye.

Mrudisheni mwandishi wenu kazini. Aende kwenye kila kliniki ya upandikizaji aombe idadi ya majina yaliyosimamishwa kwa sababu ya chanjo, kisha aulize ni wangapi kati yao walitia saini kwamba wamekataa. Majibu yachapeni ukurasa wa mbele, pale pale mlipoiweka ile habari ya kwanza.

Msomaji wenu,
Ndugu wa mgonjwa