Mtihani wa hesabu umegeuka mtihani wa Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba watoto wetu sisi wageni huku Marekani wanadekezwa, eti mmoja anaongezewa muda kwenye mtihani, mwingine anapewa kamusi, mwingine anasomewa maswali, halafu mzazi anatamba mtoto kafaulu. Aliita upendeleo. Mimi ni mama wa wawili na huwa naitwa kutafsiri kwenye vikao vya wazazi na walimu, niliyoyaona ni mengi na ntayaandika kama yanavyonijia.

Kuna kijana wa darasa la tano katokea Kongo, hesabu anaziweza kweli kweli. Mwalimu wake alitusimulia kwamba kwenye mazoezi ya mtihani swali lilimwambia "use the table below", yani tumia jedwali hapo chini, sasa huyo mtoto table anayoijua yeye ni meza, akainama kuchungulia chini ya meza. Kikao kizima kilicheka, hata mama yake. Lakini jedwali lenyewe angeonyeshwa kwa kidole angelimaliza dakika mbili. Alipokosa lile swali ikaandikwa hajui hesabu. Profesa Jamal Abedi wa California kalitafiti hili jambo miaka mingi na alionyesha kwamba maswali yaliyojaa maneno ndo yanawaangusha hawa watoto zaidi, kwenye namba tupu wanasogea karibu na wenzao. Yani pale kinachopimwa ni Kiingereza, ila cheti kinasema hesabu.

Na hiyo mitihani sio ya kukwepa. Sheria ya elimu ya 2015 inataka watoto wapimwe kusoma na hesabu kila mwaka kuanzia darasa la tatu mpaka la nane, na mara moja sekondari. Mgeni aliyeingia juzi anaweza kusamehewa mtihani wa kusoma mara moja tu, ndani ya mwaka wake wa kwanza, ila hesabu anafanya. Na mtafiti Kenji Hakuta aliandika tangu 2000 kwamba Kiingereza cha darasani, sio kile cha kuombana mpira uwanjani, kinamchukua mtoto miaka minne mpaka saba. Mtu anamsikia mtoto anaongea kwa pua kama wenyeji anadhani kashamaliza, kumbe bado sana.

Sasa hiyo misaada. Namkubalia msomaji kitu kimoja, sio kila msaada ni wa haki, kama mtihani unapima mtoto anaweza kusoma mwenyewe halafu mtu mzima akamsomea habari yote, hapo hamjapima kitu. Kwenye hesabu kumsomea swali hakumfanyii hesabu, na hiyo ndo tofauti ambayo watu hawaiangalii. Tena kuna misaada ambayo ni ya jina tu. Muda wa nyongeza kwa mtoto asiyejua neno hata moja ni muda wa kukaa kwenye kiti. Kamusi ya neno kwa neno nayo inamfaa aliyezoea kusoma kwa lugha yake, mtoto aliyekulia kambini na shule ya kuungaunga ataishika kama tofali.

Hata kutafsiri mtihani kwa Kiswahili, ambako wengi tunapigia makofi, sio dawa ya wote. Aliyesoma msingi Tanzania shule ya serikali atashukuru, maneno kama pembetatu na kizio anayo. Huyu wa Kongo hesabu kasomeshwa kwa Kifaransa, Kiswahili chake ni cha nyumbani na sokoni, ukimwekea "kigawe kidogo cha shirika" umemwongezea mzigo. Hata desimali anaiandika kwa mkato, 3,5, mwalimu asiyejua anamkata maksi. Ukimuuliza mtoto kwanza alisomeshwa kwa lugha gani unapoteza dakika moja tu, na karibu kila kikao nilichokaa swali hilo halikuulizwa mpaka niliulize mimi, ambaye kazi yangu ni kutafsiri tu jamani.

Hapo sijafika kwenye ulemavu, na huko ndo kunauma kwangu. Binti yangu alikuwa hasomi. Shule wakaniambia mama subiri, bado ni mambo ya Kiingereza, nikasubiri mwaka, nikasubiri wa pili. Mimi najua hata Kiswahili alikuwa hasomi, herufi zinamchanganya, "baba" anaisoma "dada", na nilisema, ila hakuna aliyeona Kiswahili chake ni ushahidi. Lugha ngeni inamkwamisha mtoto kwenye lugha ngeni tu, akikwama kwenye zote mbili mtafute kitu kingine. Walipompima vizuri ikawa disleksia, yani ulemavu wa kujifunza kusoma. Miaka miwili imekwenda hivyo.

Kosa la upande wa pili, la kuuita ugeni wa lugha ulemavu, lina historia ndefu zaidi. Kule California watoto wenye asili ya Meksiko walipewa vipimo vya akili kwa Kiingereza, wakashindwa, wakatupwa madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Wazazi wakaenda mahakamani, kesi iitwayo Diana mwaka 1970, na watoto walipopimwa tena kwa Kihispania wengi wao wakavuka kile kiwango cha kuhesabiwa wana ulemavu. Sheria ya shirikisho ya 1975 ikaja kusema mtoto anayechunguzwa ulemavu apimwe kwa lugha yake kadri inavyowezekana na kipimo kimoja kisitoshe kuamua. Ndo sheria hiyo hiyo inayompa mzazi haki ya mkalimani kikaoni. Wengi wetu hatujui, tunamtumia mtoto mwenyewe atafsiri kikao kinachomjadili yeye, na unategemea atafsiri "hasikilizi darasani"?

Hata ule mtihani mwingine wa kila mwaka wa kupima Kiingereza cha watoto wageni una sehemu nne, kusikiliza, kuongea, kusoma, kuandika. Mtoto kiziwi kusikiliza atafanyaje? Inaruhusiwa apimwe sehemu anazoweza, ila lazima iwe imeandikwa mapema kwenye mpango wake wa elimu maalumu, ile karatasi wanaiita IEP. Isipoandikwa, siku ya mtihani msimamizi hana la kukusaidia hata akikuonea huruma.

Binti yangu ana mtihani wake mwezi wa nne. Kwenye karatasi yake kuna muda wa nusu zaidi, chumba cha peke yake na kusomewa maswali ya hesabu, ya kusoma hasomewi, nimekubali. Nimemwambia mwalimu aanze kumzoesha hivyo hivyo kwenye majaribio ya kila wiki, maana mwaka jana alipewa vifaa vya kusikilizia asubuhi ile ile ya mtihani na nusu saa nzima iliishia kwenye kutafuta vinawashwa wapi.

Mama wa wawili,
Marekani