Turubai la trela halitupwi kwa kuvuja

Mhariri,

Wanaoshauri turubai la trela ya kukunja, ile ya kambi inayofunguka kuwa hema la kulala, litupwe likianza kuvuja wananikera. Langu la pamba nililiharibu mwenyewe: nililisugua kwa sabuni ya unga, dawa ya kuzuia maji ikatoka yote. Mvua ilituamsha usiku, magodoro chapachapa.

Sasa natumia brashi laini na maji matupu, naliacha likauke kabisa, kisha napaka dawa ya silikoni. Mishono naipaka mara mbili. Matundu ya sindano ndiyo huvuja kwanza. Turubai jipya la pamba liloweshwe na kukaushwa mara kadhaa, nyuzi zivimbe zizibe matundu. Na kulikunja likiwa bichi? Madoa meusi ya kuvu yale, mie yamenishinda kuyatoa.

Mwenye trela kuukuu