Kwa mliovaa jezi yetu: leteni habari, hata mnazoziona ndogo

Mwangaluka, wanangu.

Nawaandikia nyote mliopita mikononi mwangu pale shuleni, kwenye ule uwanja wenye mawe upande mmoja na ziwa upande wa pili, tangu mwaka 1990 hadi nilipostaafu 2018. Mliocheza soka, mliocheza netiboli, mliokimbia mita 1500 pekupeku, hata ninyi mliokuwa mkibeba maji na kuokota mipira ikidondokea ziwani. Naandika hadharani, si kwenye lile kundi letu la simu, maana wengi ninaowatafuta hawamo humo, na wengine wamo lakini wamenyamaza miaka.

Wiki tatu zilizopita nilishuka Mwaloni, Kirumba, kununua dagaa. Katikati ya wabeba mizigo nikaona mgongo ninaoufahamu. Mtu ukimfundisha kupiga mpira wa kichwa kwa miaka minne, huwezi kusahau mabega yake. Alikuwa nahodha wa kikosi kilichotufikisha fainali ya mkoa. Nikamwita kwa jina lake la uwanjani. Akageuka, akaniona, akashusha kiroba, kisha akachutama nyuma yake kana kwamba kingemficha. Ikabidi nizunguke nimfuate. "Shikamoo, Mwalimu," akasema huku anaangalia chini. Tulizungumza kidogo, nikamuuliza mbona kwenye kundi la wenzake haonekani. Akanijibu taratibu: "Mwalimu, mimi sina habari. Wenzangu ndio wana habari."

Usiku ule nilichelewa kulala. Nilichukua simu nikasoma kundi lenu tangu Januari. Nimekuta aliyepandishwa cheo, aliyemaliza shahada ya pili, aliyefungua duka la vifaa vya ujenzi Buhongwa, aliyenunua gari. Nimekuta na misiba. Katikati ya hayo mawili hamna kitu. Hakuna aliyeandika kwamba amepunguzwa kazini, au goti limemshinda, au anabeba viroba. Furaha zenu nazipenda, na kila aliyetangaza jambo lake nimemwombea. Lakini mahali ambapo mtu asiye na cheo hatajwi mpaka afe, hapo hapajawa timu, wanangu.

Nina kauntabuku langu mnalolijua, lile lenye jalada jekundu lililotatuka. Kila msimu niliandika kikosi, nafasi ya kila mchezaji, na matokeo yetu ya kata, wilaya na mkoa, na majina ya waliochaguliwa kwenda UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya taifa. Pembeni, upande wa kulia, niliacha nafasi tupu makusudi. Nilitaka niwe najaza humo kila mmoja alikoishia. Nililianza mwaka ule ule klabu ya Pamba ya Mwanza ilipochukua ubingwa wa soka wa Tanzania Bara, na mnaokumbuka mnajua hali ilivyokuwa: hakuna mvulana aliyetaka kuwa daktari. Kuta za vyoo vya shule zilijaa "TP Lindanda", jina la utani la Pamba, kwa mkaa. Kisha Pamba ikashuka daraja. Ikakaa chini zaidi ya miaka 20, mpaka iliporudi Ligi Kuu mwaka 2024. Miaka yote hiyo, kwenye vijiwe vya kahawa vya mji huu watu waliendelea kuulizana Pamba imecheza na nani, imepata ngapi, hata ilipokuwa inafungwa kwenye viwanja visivyo na majukwaa. Hakuna aliyesema Pamba haina habari. Nahodha wangu wa Mwaloni nilitamani nimwambie hivyo pale pale, lakini maneno yalinijia nikiwa nimeshapanda daladala.

Sasa nafasi zile za pembeni nyingi bado ni tupu. Waliofika ligi wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hao habari zao sihitaji kuletewa, nilizisikia redioni. Ninaotaka kujua habari zao ni hawa wengine.

Kuna majina nimeyakuta yamekatwa kwa wino mwekundu, na mkono uliokata ni wangu. Ni wasichana. Nitamtaja mmoja bila jina: alicheza netiboli, alivaa C kifuani, yaani mchezaji wa kati, na msimu mzima hakuna mchezaji wa kati wa wilaya hii aliyemzuia. Akiwa kidato cha tatu akapata ujauzito. Utaratibu wa wakati ule ulimtoa shuleni, na mimi jioni hiyo hiyo nikachukua kalamu nyekundu nikamfuta kwenye kikosi, nikaandika jina la mwingine juu yake. Sikwenda kwao. Nilikuwa na mechi Jumamosi. Novemba 2021 Serikali ilipotangaza kwamba msichana aliyejifungua aruhusiwe kurudi darasani, nilikuwa nyumbani nimeshastaafu, nikaenda kulitoa daftari kabatini nikautazama ule mstari. Nimesikia yuko Ukara, anashona nguo. Mwenye namba yake anipe. Nataka nimwombe radhi kwa sauti yangu mwenyewe, na nimuulize alivyoishi.

Na yuko mvulana mwingine, winga. Alikuja mtu amevaa vizuri, akasema anampeleka Dar es Salaam kwenye majaribio ya timu kubwa. Alikuwa kidato cha tatu. Wazazi wake waliniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa michezo, nami nikasema aende, bahati haibishi hodi mara mbili. Sikudai karatasi yoyote, sikudai namba ya simu ya ofisi, sikuuliza atalala wapi. Alirudi baada ya miezi mitano kwa nauli ya kuchangiwa, amekonda, na nafasi yake darasani ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Tangu hapo hakukanyaga uwanja.

Kwa hiyo ninyi ambao leo ni walimu, wazazi, au mnajiita mawakala, nisikilizeni kwa hili. Mtoto asitolewe shule kwa neno la mdomo. Kuwe na barua ya klabu yenye anwani, saini ya mzazi, na mpango wa masomo ulioandikwa: atasoma shule gani, ada nani analipa, akiumia nani anamtibu. Mtu akiwaambia anampeleka mtoto wa miaka 16 kucheza nje ya nchi, jueni kwamba kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kimataifa, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi kuhamia huko kwa shughuli zisizohusu mpira. Mwulizeni sababu yake ni ipi. Akianza kukasirika, jibu mmelipata.

Watoto waliopo sasa hawayajui haya. Nilikwenda kuwaona mwaka jana, wakati wa mazoezi ya mashindano ya kata. Kila mmoja anajua safari ya Mbwana Samatta, Genk mpaka Aston Villa, kwa miaka na mabao. Wasichana wanakusimulia bila kukosea jinsi Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walivyowafunga Ufaransa 2-1 kule India mwaka 2022 wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Nikafurahi sana, maana enzi zangu msichana mwenye mpira mguuni aliulizwa kama kwao hawana vyombo vya kuosha. Lakini nilipowauliza namba tisa wao aliyemaliza miaka miwili iliyopita yuko wapi, wakatazamana. Hawajui. Wanajua yaliyotokea Genk, hawajui yaliyotokea hapa kwetu Igombe.

Ninyi ndio mnaoweza kuwaambia. Msimu wenyewe mnaujua ulivyo: Aprili na Mei ni kata na wilaya, kisha mkoa, na Juni ni taifa. Wiki zile ndizo vipindi vya darasani vinapopotea. Mtoto anarudi na medali na daftari la Fizikia lisilo na kitu tangu Pasaka, halafu Novemba mtihani wa kidato cha nne haumuulizi alicheza namba ngapi. Mmekuwa mkichangia jezi, na jezi zile ni nzuri, nimeziona, Mungu awabariki. Mwaka huu naomba kitu kingine. Mwalimu wa Hisabati miongoni mwenu, na najua mpo wanne, njoo ukae nao saa moja baada ya mazoezi. Uliye nesi, njoo uwaonyeshe namna ya kumfunga mtu kifundo kilichoteguka, maana bado wanachua kwa mafuta ya taa. Na wewe ambaye goti lilikufa ukiwa na miaka 19, njoo ukae kwenye lile jiwe la kona, uwasimulie siku ile na yaliyofuata, yote, pamoja na ile miaka uliyoiona mibaya. Hakuna mwingine atakayewaambia.

Msiniambie safari ni ngumu. Mlioko Sengerema na Geita zamani mlikuwa na haki ya kulalamika. Nakumbuka tulivyokuwa tukisubiri kivuko pale Busisi mpaka michembe yote ya safari, vile viazi vilivyokaushwa, inaisha, timu inafika Mwanza na usiku, asubuhi inaingia uwanjani imevimba miguu. Sasa daraja la Kigongo–Busisi lipo tangu Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, unavuka kabla hujamaliza kusalimiana na jirani yako kwenye basi. Walioko Ukerewe nawaelewa, ziwa ni ziwa. Njooni na meli ya asubuhi.

Kuhusu nahodha wetu wa Mwaloni: msimchangie pesa. Najua mioyo yenu, mkisoma hapa kuna mtu atafungua orodha ya michango kabla ya jua kuzama. Hajaomba, na itamuumiza. Mpigieni simu. Mwulizeni lile bao la fainali ya wilaya lilikuwaje, maana kila mtu analisimulia vingine, na yeye ndiye aliyelifunga. Mwulizeni watoto wangapi. Mwambieni na ninyi yenu, hata yale ambayo kwenye kundi hamjayasema.

Nimebaki na jambo la siku ya kukutana. Mnakumbuka nilivyokuwa nikipanga mazoezi mazito? Walimu wenzangu walidhani nina ushirikina. Ukweli ni kwamba nusu ya kikosi changu ilitoka kwenye nyumba za wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza walikuwa ziwani na taa mpaka alfajiri, mchana wananisinzilia wakiwa wamesimama langoni. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inakaa nchi kavu, vijana wanalala. Basi nikawa nafuata mwezi. Wiki ya mbalamwezi tulikimbia vilima, wiki ya giza tulipiga penalti tu.

Hata sasa wengi wenu mnavua, au mnanunua na kubeba kinachovuliwa. Kwa hiyo sikuchagua sikukuu wala mwisho wa mwezi wa mishahara. Nimechagua Jumamosi ya mbalamwezi, mwezi wa tano, saa tisa alasiri, uwanjani kwetu. Nahodha nimeshamwambia. Hakuniahidi, ila aliuliza kama lile jiwe la kona bado lipo.

Lipo. Nitakuja na daftari, na kalamu ya bluu.

Mwalimu wenu wa michezo,
Mwanza