Habari ya Cullen isiishie nusu

Mhariri,

Ninaishi Houston, Texas. Kwa miaka kadhaa nilitoka kazini jioni nikaenda moja kwa moja darasani katika Chuo Kikuu cha Houston, ambako jina la Cullen limeandikwa kwenye majengo. Kwa hiyo kila ninaposoma habari za Hugh Roy Cullen, mfanyabiashara wa mafuta aliyefadhili elimu, nasoma kwa makini, na mara nyingi naona kuna jambo limeachwa.

Sifa zake ni za kweli. Shule aliiacha darasa la tano, akaenda kufungasha peremende kwa dola 3 kwa wiki. Baadaye akanunua na kuuza pamba, akahamia Houston mwaka 1911, na mafuta akayapata bila kusomea jiolojia: alichimba pembeni mwa kuba za chumvi (vilima vya chumvi vilivyofukiwa chini ya ardhi), tena kwa kina kirefu, kwenye maeneo ambayo wengine walishayakatia tamaa.

Mwaka 1936 mwanawe wa pekee wa kiume, Roy Gustav, aliuawa na ajali ya mtambo wa kuchimbia mafuta. Chuo Kikuu cha Houston wakati huo hakikuwa na jengo lake hata moja. Wengi wa wanafunzi wake walishinda kazini na kusoma usiku, katika madarasa ya kuazima ya shule ya sekondari. Jengo la kwanza, ambalo Cullen alilifadhili na likafunguliwa mwaka 1939, lina jina la kijana yule. Nimepita mbele yake mara nyingi na kila mara nilimkumbuka baba mfiwa. Cullen alitaka kiwe chuo cha wafanyakazi na watoto wao, na mwaka 1947 akaanzisha mfuko wa ufadhili wenye mali ya mafuta iliyokadiriwa kuwa dola milioni 160.

Lakini wafanyakazi hao walikuwa Wazungu. Cullen alisaidia pia chuo cha weusi kilichokuwa jirani, ambacho leo ni Texas Southern, na namshukuru kwa hilo. Ila alifariki mwaka 1957 na Chuo Kikuu cha Houston hakikupokea wanafunzi weusi hadi 1962. Mimi ni mweusi. Dawati nililosomea, mtu wa rangi yangu asingeruhusiwa kulikalia enzi za uhai wake.

Naomba gazeti lako, litakapoandika tena habari zake, liutaje na mwaka 1962.

Msomaji wako,
Houston, Texas